Nusu ya Hotuba Kuhusu Dhoruba

Nilihamia Kitengela mwaka 1993, wakati mji ulikuwa bado ni maduka machache pande mbili za barabara ya Namanga, na nyuma ya maduka kulikuwa na nyumbu. Mtu alitoka nje kupiga mswaki asubuhi akawaona wamesimama wanamtazama. Kazi yangu ilikuwa kutuma habari kwa gazeti moja la Nairobi: mnada wa mifugo, kesi za mipaka, ajali, wachimba mawe waliofukiwa machimboni, mvua. Mhariri wangu hakupenda habari za mvua isipokuwa kuna mtu amekufa. Hata hivyo niliziandika zote daftarini, siku, saa na mahali, kwa sababu niligundua mapema kwamba Kajiado habari zote zinarudi huko. Kesi ya mpaka ni kesi ya nyasi, na nyasi ni mvua.

Nikirudia madaftari yale leo naona kitu ambacho wakati ule sikukiona. Miaka ya mwanzo nimeandika maneno kama "imenyesha tangu jana, taratibu" au "rasharasha, siku ya tatu". Baada ya 2000 maneno hayo yanapungua. Badala yake naandika "kavu", ukurasa baada ya ukurasa, halafu ghafla, "saa moja tu, barabara imekatika". Mimi si mwanasayansi, na madaftari ya mtu mmoja si ushahidi wa kutosha. Nasema tu nilichoandika.

Kwa majirani zangu Wamaasai, habari ni kitu chenye utaratibu. Mgeni akifika na kusalimiwa, huulizwa ilomon, yaani habari, naye haruki kwenda kwenye jambo lililomleta. Huanza pale alipotoka. Ataje nyasi za huko zikoje, maji yako wapi, mvua imefika wapi, ugonjwa gani umeingia kwenye mifugo, amepita kwa nani na ameambiwa nini. Anayesikiliza huitikia "ee" kila kituo, ili msemaji ajue yuko naye. Asiongeze, asipunguze. Watu huhamisha mifugo kwa habari iliyotolewa namna hiyo. Mimi niliyelipwa kwa kuandika habari nilijifunza kazi yangu huko zaidi kuliko chumba chochote cha habari.

Aliyenifundisha zaidi ni mjane mmoja wa Kisaju, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Nilimwita yeyo, mama, kama walivyomwita vijana wote wa pale. Yeye aliniita mwandishi. Nyumba yake ilikuwa kwenye tambarare ya udongo mweusi, karibu na korongo linalokauka karibu mwaka mzima. Ukame ulioanza 2005 na kuingia 2006 ulimchukulia ng'ombe wote. Alibakiwa na mbuzi na kondoo thelathini na wanane, na wale ndio waliokuwa wakimsomesha binti yake wa mwisho chuo cha ualimu. Hakukuwa na chanzo kingine. Binti alikuwa mwaka wa kwanza, na mama yake alizungumza juu ya mbuzi na juu ya chuo kama kitu kimoja.

Ukame ulipokaribia kuisha alikuwa na swali moja: ahame au akae? Mifugo iliyodhoofika haihimili mvua kubwa. Hata isipochukuliwa na maji, baridi huimaliza. Zamani watu wake walipanda juu kwenye mgongo wa mawe kabla mvua haijarudi, na mahali pale palikuwa bado pake, mwendo wa dakika ishirini kutoka korongoni. Lakini kuhama maana yake ni kujenga, na kwa Wamaasai anayejenga nyumba ni mwanamke. Fito angepata, matawi ya miiba ya zizi angekata. Kilichokosekana ni mavi ya ng'ombe ya kukandika ukuta na paa. Asiye na ng'ombe hana samadi mbichi. Ingembidi ayabebe kwa magunia mgongoni kutoka ranchi moja iliyobakiwa na ng'ombe, ng'ambo ya barabara, kila siku kwa mwezi mzima, na huku mbuzi wanataka kuchungwa. Redio ilikuwa imesema mvua itakuwa ya kawaida au zaidi kidogo ya kawaida, maneno ambayo hayamwambii mtu abebe magunia au asibebe.

Basi tukasikia kuna semina mjini Kajiado. Mradi fulani wenye makao makuu Nairobi na ofisi ndogo Kajiado ulimleta mtaalamu wa hali ya hewa kutoka ng'ambo azungumze na wafugaji juu ya mabadiliko ya tabianchi. Wazee walialikwa kupitia machifu. Mjane hakualikwa, na hata angealikwa hakuwa na wa kumwachia mbuzi. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa kwenye orodha. Mimi niliombwa kutafsiri Kiingereza kwa Kiswahili, na mwalimu mmoja akatoa Kiswahili kwa Kimaa. Nilifurahi. Yeyo aliniambia nisikilize vizuri sehemu ya mvua.

Nilipewa karatasi za hotuba siku moja kabla. Zilikuwa kurasa kumi na nne na nilizisoma zote, mara mbili, kwa hiyo siwezi kujitetea kwa kusema sikujua.

Nusu ya kwanza ilikuwa juu ya dhoruba za nchi za latitudo za kati, zile nchi zilizo katikati ya ukanda wetu wa joto na ncha ya dunia yenye barafu. Huko dhoruba kubwa hupata nguvu kutokana na tofauti ya joto kati ya kusini na kaskazini, kama vile maji yanavyokimbia kwa sababu ya mteremko. Dunia inapopata joto, ncha ya kaskazini inapata joto haraka kuliko sehemu nyingine. Mteremko unapungua, na dhoruba zile kubwa za majira ya joto zinaanza kukosa nguvu. Hata hilo si jambo jema kwa watu wa huko, maana ni dhoruba hizo zinazoleta upepo wa kupoza miji. Zikilegea, joto linatuama.

Nusu ya pili ilianza ukurasa wa nane. Ilisema kwamba kulegea kwa dhoruba kubwa si mwisho wa hesabu. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvuke ukigeuka wingu hutoa joto lake huko juu. Nguvu inayopungua kwenye dhoruba pana inaongezeka kwenye mawingu ya radi, yale yanayosimama mahali pamoja alasiri na kumwaga yote kwa mkupuo. Ukurasa wa mwisho ulitutaja sisi. Ulisema nchi za tropiki hazina zile dhoruba pana kabisa. Mvua zenu, ukurasa uliendelea, ni za mawingu ya radi, na mnapaswa kujiandaa kwa mvua inayokuja mara chache na kuja kwa kishindo, hasa baada ya ukame, ardhi ikiwa haina nyasi za kuyazuia maji.

Ukisoma karatasi zile kwa haki, nusu ya kwanza ilikuwa habari ya watu wengine na nusu ya pili ilikuwa habari yetu.

Semina ilichelewa kuanza. Kulikuwa na maombi, hotuba ya kukaribisha, hotuba ya kumkaribisha aliyekaribisha, na utambulisho wa kila mtu aliyevaa tai. Mtaalamu aliposimama saa ilikuwa imekwenda. Nilianza kutafsiri. Alisema "katika latitudo za kati", nami nikasema, "katika zile nchi zilizo mbali na ikweta, upande wa kaskazini, kabla hujafika kwenye barafu." Mwalimu wa Kimaa akahangaika nalo. Alipolitaja tena, nilieleza tena. Mara ya tatu ofisa wa mradi, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, aliinama sikioni kwangu.

"Fupisha, mwandishi. Hawa hawahitaji jiografia."

Nikafupisha. Hilo ndilo nililofanya, na nimelibeba tangu siku ile. Mtu aliyefundishwa kwamba habari bila mahali si habari, niliacha mahali. Kuanzia hapo nilisema "dhoruba" peke yake. Dhoruba hupata nguvu hivi. Dhoruba zinapungua nguvu kwa sababu hii. Mwalimu akafupisha zaidi yangu. Wazee waliitikia, ee, ee, kwa adabu ileile wanayompa mgeni aliyetoka mbali.

Mtaalamu alipofungua ukurasa wa nane, mwenyekiti alisimama. Alimshukuru. Alisema yaliyobaki ni ya kitaalamu mno na yatakuwa kwenye ripoti. Yule mgeni, kijana mwenye haya, aliniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kupewa dakika kumi tu, kwa sababu jambo lenyewe ndiyo kwanza linaanza. Nililifikisha ombi lake.

"Chakula kitapoa," mwenyekiti akasema.

Shemeji wa yule mjane aliinua fimbo yake kuomba nafasi. Aliuliza, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Sasa sisi tumeambiwa nini? Tukifika nyumbani tuseme nini?"

"Mseme dhoruba zinapungua nguvu, mzee. Hiyo ni habari njema."

Tukaenda kula. Pilau na nyama ya mbuzi, katika mwaka ambao watu waliokaa pale walikuwa wamezika mifugo kwa trekta. Mimi pia nilikula. Kurasa saba ambazo hazikusomwa zilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiti.

Siku mbili baadaye nilipitia Kisaju. Yeyo alinipa chai ya rangi, mara ya kwanza kunywa chai isiyo na maziwa nyumbani kwake, na hakuomba radhi. Shemeji alikuwepo, amekaa kwenye kigoda. Alikuwa amerudi kutoka Kajiado kwa njia ya wazee, akipita boma baada ya boma na kutoa habari kila mahali kama ilivyo desturi. Yeyo alinirudishia habari za semina kama alivyozipata kwa shemeji, na nilishangaa. Maombi yalikuwepo, utambulisho ulikuwepo, joto la kaskazini na mteremko vilikuwepo, kwa mpangilio uleule. Sijawahi kuona ripoti ya mwandishi iliyo sahihi kama ile.

"Sasa wewe ndiye umekuwa mdomo wa mzungu," akanitania. "Tutakuonaje tena sisi?" Kisha akaacha mzaha. "Shemeji ameniambia dhoruba zinapungua nguvu. Ndivyo ilivyosemwa?"

"Ndivyo ilivyosemwa," nikasema. Nikaanza kuongeza kwamba ile ilikuwa habari ya nchi nyingine, na kwamba kulikuwa na sehemu ambayo haikusomwa. Mzee akanigeukia.

"Kwani nimesahau kitu, mwandishi?"

Kumwambia mzee mbele ya shemeji yake kwamba habari aliyoitoa ina kasoro ni kumwita mwongo, na hakuwa mwongo. Aliyekata habari nilikuwa mimi, na kabla yangu mwenyekiti. Ningeweza kusema hivyo. Sentensi moja ingetosha. Nilisema, "Hapana, mzee. Hukusahau kitu."

"Basi sihami," yeyo akasema. "Niupumzishe huu mgongo."

Mvua ilikuja wiki sita baadaye, alasiri. Mimi nilikuwa Kitengela, na hata huko mabati yalipiga kelele hadi watu dukani wakaacha kuzungumza. Yaliyotokea Kisaju niliambiwa na yeye mwenyewe. Aliona wingu limesimama upande wa juu wa korongo, jeusi, halisogei, akarudisha mbuzi mapema na kuwafungia zizini. Kwa mvua ya taratibu hilo lingekuwa jambo sahihi. Pale kwake palinyesha kwa muda mfupi tu. Maji yaliyokuja yalikuwa ya upande wa juu wa korongo, yaliyoteremka kwenye ardhi iliyokaa mwaka mzima bila jani, na yalifika yakiwa yamebeba miiba na mawe. Yalipita katikati ya zizi. Ua wa miiba uliojengwa kuzuia fisi uliwazuia mbuzi kutoka. Aliufungua upande mmoja kwa mikono, na mikono ile niliiona siku ya pili. Waliotoka walilowa, na wengi wao walikufa kwa baridi kabla jua la asubuhi halijapata nguvu. Walibaki tisa.

Nilimpigia mhariri wangu kutoka kibanda cha simu.

"Kuna mtu amekufa?" akauliza.

"Hapana. Mbuzi."

"Andika mistari mitatu."

Kabla ya mwezi kuisha binti alirudi nyumbani na sanduku lake. Chuo kilisema anaweza kuendelea mambo yakitengemaa. Sikuwahi kuona mambo yakitengemaa.

Nilikwenda ofisi ya ule mradi Kajiado. Nilitaka jambo dogo: nusu ya pili ya hotuba isomwe, kwenye baraza la chifu au siku ya mnada, na ningeitafsiri bure. Ofisa yuleyule aliyekuwa mwenyekiti alinipokea kwa ukarimu. Alinionyesha ripoti ya semina, yenye picha za wazee wakitazama ukuta ulioangazwa na projekta. Iliandikwa kwamba washiriki walielewa ujumbe. Nikauliza kurasa saba za mwisho ziko wapi. Akasema ni kiambatisho, na kiambatisho kiko Nairobi. Nikamwambia habari za Kisaju. Alisikitika kwa dhati, naamini, kisha akasema, "Lakini ile ilikuwa mvua tu, ndugu yangu. Dhoruba ni mambo ya kule kwao Ulaya. Si ulimsikia dokta mwenyewe?"

Siku ya semina jiografia ilikuwa haina maana kwa watu wale. Siku ya lawama aliikumbuka yote, hadi jina la bara. Sitasema kwamba mvua ile moja ililetwa na mabadiliko ya tabianchi. Hakuna mtaalamu mwaminifu atakayeapa hivyo kwa mvua moja, na karatasi zenyewe hazikuapa. Nasema kwamba kulikuwa na onyo, limeandikwa vizuri, limelipiwa ndege kutoka ng'ambo, likafika hadi ndani ya ukumbi, kwenye meza, hatua kumi kutoka kwa watu waliolihitaji, na likazuiwa kwa sababu ya sufuria la pilau. Watu wale hawakuchafua hewa ya mtu. Hawana viwanda, wengi hawana hata taa. Kitu pekee walichoidai dunia hii kwa hasara iliyowaletea ni kuambiwa ukweli kwa ukamilifu, na hata hicho tuliwapunja.

Nilikwenda Kisaju na mkoba. Yeyo alikuwa juu kwenye mgongo wa mawe, anajenga. Yeye na binti yake walikuwa wakibeba samadi kutoka ng'ambo ya barabara, na ukuta mmoja ulikuwa umekandikwa hadi nusu. Nilimsalimia, "Takwenya," akaitikia, "Iko," bila kuacha kazi. Nikakaa juu ya jiwe nikamsomea kurasa saba. Safari hii sikufupisha. Nilitaja mahali kila palipotajwa. Palipokuwa na habari ya wengine nilisema ni ya wengine, na palipokuwa na yetu nikasema ni yetu. Aliitikia "ee" kila kituo, huku akisawazisha ukuta kwa kiganja, hadi nikamaliza.

Alinawa mikono kwenye kikopo.

"Hizi karatasi," akasema, "ulikuwa nazo siku ulipokunywa chai yangu?"

"Nilikuwa nazo, yeyo."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliniambia kwamba msimu wa mvua bado haujaisha, na kwamba kuna watu kati ya hapa na Kajiado wanaolala mabondeni kwa sababu ya habari iliyopita kwao. Aliyeipeleka ni shemeji, kwa hiyo nianze na shemeji.

Nilimkuta mzee ameketi nje ya nyumba yake. Aliniuliza habari, nami nikaanza pale nilipotoka, kwenye mgongo wa mawe, kwenye ukuta uliokandikwa nusu. Nikaendelea hadi kwenye kurasa, hadi ukumbini, hadi kwenye sikio langu na maneno ya mwenyekiti, hadi kwenye swali lake la siku ile na jibu langu la uongo. Aliitikia yote kwa sauti moja, bila kupandisha wala kushusha.

"Nilipita kwenye maboma kumi na moja," akasema nilipomaliza. "Kila boma nimesema hivyo. Kwa kinywa hiki."

"Ulisema ulichoambiwa, mzee."

"Wao hawatajua hivyo." Alinyoosha mkono ndani ya mlango akachukua fimbo yake na shuka. "Nitakutembeza kwenye maboma yote. Nitasalimia, nitakaa chini. Kusema utasema wewe."

Jua lilikuwa bado juu. Tulianza na boma lililo karibu zaidi na korongo.